Mwongozo kamili: kutafuta na kusoma barua za mbunge wa Marekani za baada ya vita (1945–1952) mpaka upate jibu lako

Nimeamua kuandika hii kwa urefu kwa sababu swali linarudi lile lile. Mtu anataka kujua wananchi walimwandikia nini mbunge wao baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliomba msaada gani, na yeye akafanya nini kule Washington. Anaingia mtandaoni, anaandika jina la mbunge, anapata picha mbili na hotuba moja, basi anakata tamaa. Mwingine anatuma imeili maktaba "naomba barua zote za fulani" anajibiwa kwamba maboksi yako mamia, aseme vizuri anataka nini. Na wapo wanaofika mpaka kwenye boksi lenyewe halafu wanasoma vibaya, na hawa ndio wananiuma zaidi, maana mtu kashatumia hela na muda wake na bado anaandika kitu ambacho sicho.

Shika hili kabla ya yote: barua moja peke yake haikwambii kitu. Unachokitaka ni shauri zima la mtu mmoja, kuanzia siku aliyoandika mpaka siku aliyojibiwa, halafu uliweke pembeni ya sheria iliyokuwa inabishaniwa bungeni miezi hiyo hiyo. Hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Na neno moja tuelewane. "Jimbo" kwetu Tanzania ni eneo la mbunge, ila kwa Marekani tumezoea kuita California au Ohio jimbo. Humu jimbo ni California, na eneo la mbunge naliita wilaya ya uchaguzi. Wakenya wasome eneo bunge.

## Vitu vya kuwa navyo

- Swali moja ulilolifupisha kwa sentensi moja. "Nataka kujua kuhusu vita" halifai. "Wake wa wanajeshi wa Ohio walimwomba nini mbunge wao kati ya Agosti 1945 na Machi 1946" linafaa.
- Namba za Kongresi (bunge la Marekani, kila namba ni kipindi cha miaka miwili): ya 79 ni 1945–47, ya 80 ni 1947–49, ya 81 ni 1949–51, ya 82 ni 1951–53. Maboksi mengi yamepangwa kwa namba hizi, sio kwa miaka.
- Penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi kwenye chumba cha kusomea nyaraka.
- Kitambulisho chenye picha, na simu yenye nafasi ya kutosha (flashi zima kabisa).
- Jedwali kwenye kompyuta au daftari lenye safu hizi: boksi, folda, tarehe, kaandika nani, kamwandikia nani, anaomba nini, idara iliyotajwa, jibu.
- Kama uko Dar, Nairobi, Muscat au popote mbali: imeili, subira, na akiba kidogo ya kulipia skani.

## Hatua ya 1: Jua mbunge alikuwa nani hasa

Usitumie ramani ya leo. Mipaka ya wilaya za uchaguzi hubadilika baada ya sensa, na Marekani walihesabu watu 1940 na 1950, kwa hiyo mtaa uliokuwa kwa mbunge huyu mwaka 1946 unaweza kuwa kwa mwingine kabisa mwaka 1953.

Halafu usisahau maseneta. Kila jimbo lina wawili, na mtu mwenye shida kweli alikuwa anawaandikia wote watatu siku moja, maneno yale yale. Ukikosa barua kwa mbunge unaweza kuikuta kwa seneta.

Umefanikiwa ukiwa na majina matatu na miaka ya kila mmoja madarakani.

## Hatua ya 2: Jua karatasi ziko wapi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Wanadhani barua zote zimekaa Kumbukumbu za Taifa za Marekani, hapana. Barua za ofisi ya mbunge ni mali yake binafsi, anampa anayemtaka: chuo kikuu, maktaba ya kwao, chama cha historia, au anaziacha darini mpaka wajukuu wazitupe. Zinazokwenda Kumbukumbu za Taifa ni za kamati za bunge, za Baraza la Wawakilishi ziko kundi namba 233 na za Seneti kundi namba 46.

Dawa ni kamusi ya wasifu ya wabunge inayotolewa na bunge lenyewe, iko wazi mtandaoni, anwani yake ni bioguide.congress.gov. Andika jina, shuka mpaka sehemu ya mikusanyiko ya utafiti, utaona maktaba imetajwa.

Usikisie kwa kufuata alikotoka mtu. Helen Gahagan Douglas aliwakilisha watu wa Los Angeles kuanzia 1945 mpaka 1951, ila karatasi zake ziko Oklahoma, kwenye Carl Albert Center, kituo cha Chuo Kikuu cha Oklahoma mjini Norman. Edith Nourse Rogers wa Massachusetts, yule aliyeongoza kamati ya maveterani (askari wa zamani), utampata Schlesinger Library pale Cambridge. Frances Bolton wa Ohio yuko Western Reserve Historical Society, Cleveland, na huyu msomaji wa Afrika amwangalie vizuri kwa sababu alikuwa kamati ya mambo ya nje na mwaka 1955 alizunguka bara letu. Seneta Robert Taft yuko Library of Congress, Seneta Arthur Vandenberg yuko Bentley Historical Library, Ann Arbor.

Angalizo kwa wanaotaka za kamati: za Baraza la Wawakilishi kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30, za Seneti baada ya 20, na zenye siri za watu binafsi baada ya 50. Za 1945–52 zimeshapita hapo kote, kwa hiyo usiogope kuomba.

## Hatua ya 3: Soma orodha ya mkusanyiko kabla ya kuomba boksi hata moja

Kila mkusanyiko mkubwa una orodha yake inayosema boksi la 1 lina nini, la 2 lina nini. Isome yote, hata kama ina kurasa sitini. Orodha haitakupa majina ya wananchi, itakupa mafungu, na ukitafuta jina la babu au bibi wa mtu utaambiwa hakuna wakati barua ipo ndani ya folda iliyoandikwa tu "Veterans, 1946, A–F".

Maneno ya kuyatafuta kwenye orodha hizo ni "casework" na "constituent" kwa maombi ya watu, na "legislative" kwa mambo ya sheria. Tafuta pia majina ya idara, hasa "Veterans Administration" (idara ya maveterani), "War Department" (wizara ya vita), "OPA" (ofisi ya kudhibiti bei) na "Immigration" (uhamiaji), kwa sababu makarani wengi walipanga mafaili kwa idara waliyokuwa wanaiandikia.

Mafungu ya maombi ya watu mara nyingine yamefungwa, au maktaba ilibakiza sampuli tu na nyingine ikazichana, maana yalikuwa yanajaza vyumba. Uliza mapema. Mimi niliwahi kusafiri usiku kucha kwa basi kwenda maktaba moja, nafika asubuhi naambiwa fungu lote nililolifuata linahitaji ruhusa maalumu na inachukua wiki kadhaa. Hakuna aliyenidanganya, sikuuliza.

Imeili yako iwe fupi hivi: taja swali lako kwa sentensi moja, taja namba za maboksi unayoyataka, uliza kama yamefungwa, uliza kama yako jengo lingine na yanachukua siku ngapi kuletwa, uliza bei ya skani. Anayejua namba za boksi anajibiwa haraka.

Ukimaliza hatua hii ukiwa na maboksi matano mpaka kumi, uko sawa. Ukiwa na hamsini, rudi ukapunguze swali.

## Hatua ya 4: Jitengenezee kalenda ya sheria

Barua za wananchi zinapanda na kushuka kwa kufuata sheria na bei za vitu. Bila kalenda utaona kelele tu. Hii ya kuanzia:

- 22 Juni 1944: sheria ya maveterani, ile maarufu ya GI Bill. Masomo, mikopo ya nyumba, na dola 20 kwa wiki mpaka wiki 52 kwa asiye na kazi.
- Mei 1945: mfumo wa pointi wa kurudisha askari nyumbani, mwanzoni zilitakiwa 85.
- 28 Desemba 1945: sheria ya kuwaingiza wake na watoto wa kigeni wa wanajeshi.
- 30 Juni 1946: udhibiti wa bei unakatika, bei zinaruka. Vuli ya mwaka huo nyama haionekani madukani, na udhibiti wa nyama unaondolewa Oktoba.
- Agosti 1946: malipo ya likizo ambazo askari hawakuzichukua, na pia sheria ya kupanga upya bunge (hiyo ina maana yake, nitaieleza hatua ya 8).
- 3 Aprili 1948: msaada kwa Ulaya, Mpango wa Marshall.
- 25 Juni 1948: sheria ya wakimbizi waliopoteza makwao, ikarekebishwa 1950.
- 15 Julai 1949: sheria ya nyumba.

Iandike kwenye karatasi moja uiweke mezani.

## Hatua ya 5: Chumbani

Hapa sina mengi. Boksi moja kwa wakati mmoja, folda moja nje ya boksi kwa wakati mmoja. Usipange upya karatasi hata kama unaona zimechanganyika, maana mpangilio wa karani wa 1946 nao ni ushahidi. Kabla ya kupiga picha barua piga kwanza picha ya lebo ya folda na namba ya boksi, kila folda bila kuruka. Ukiruka, ukifika nyumbani una picha mia nne hujui zimetoka wapi.

## Hatua ya 6: Soma shauri kutoka chini kwenda juu

Hapa tulia. Karatasi za shauri moja mara nyingi zimebanwa pamoja na ya mwisho ndiyo iko juu, kwa sababu karani alikuwa anaongeza mpya juu ya ya zamani. Ukianza juu unasoma jibu kabla ya swali na utaelewa kinyume. Funua mpaka ya chini kabisa, anzia hapo.

Nitakutungia mfano ili uone inavyokuwa.

Ya chini ni barua ya penseli kwenye karatasi yenye mistari, Novemba 1945. Mke anaandika mume wake yuko Manila, vita imeisha, ana watoto wawili, wa kwanza miaka minne wa pili miezi kumi na nane, na shamba halina mtu. Pembeni kuna muhuri wa tarehe ya kupokelewa, na mtu kaandika kwa penseli nyekundu neno "Army" na kupigia mstari "two children".

Kwa nini watoto wawili wamepigiwa mstari? Watu wengi wanasoma pale wanaona huruma tu. Kwenye ule mfumo wa pointi askari alipata pointi 1 kwa kila mwezi jeshini, nyingine 1 kwa kila mwezi nje ya nchi, 5 kwa nishani au kampeni ya vita aliyopigana, na 12 kwa kila mtoto chini ya miaka 18, mwisho watoto watatu. Kwa hiyo yule mama kataja pointi 24. Yeye analia na pia anapiga hesabu, na karani kaiona hesabu. Ukiwa na kalenda yako mezani unaliona hilo, ukiwa huna linakupita.

Juu yake kuna nakala ya kaboni, ile karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ofisi ya mbunge inaiandikia wizara ya vita. Juu ya hiyo jibu la wizara, aya mbili kavu: pointi zake bado, zikifika atarudi meli ikipatikana. Halafu nakala ya kaboni ya pili, mbunge anamjibu mama. Linganisha hizi mbili neno kwa neno. Mbunge kaongeza nini? Kaacha nini? Kasema "nitaendelea kufuatilia" na je, kuna karatasi yoyote inayoonyesha kafuatilia? Kwenye tofauti kati ya jibu la wizara na jibu la mbunge ndiko utamwona mwanasiasa akifanya kazi yake.

Mara nyingine barua ya asili haipo. Ofisi ilikuwa inaituma yenyewe kwa idara na idara isipoirudisha ndio basi. Usiandike "hakuna barua", andika kwamba ipo ndani ya nakala ya ofisi, maana mara nyingi ofisi iliirudia kwa ufupi.

Umefanikiwa ukiweza kujaza mstari mzima wa jedwali lako kwa shauri moja bila kubuni: kaomba nini, idara gani, jibu gani, baada ya siku ngapi.

## Hatua ya 7: Nani aliyeandika jibu?

Angalia chini kushoto mwa nakala. Utakuta herufi kama RT:mk. Za kwanza kubwa ni za aliyetamka barua au jina inalotoka kwake, za pili ndogo ni za aliyepiga taipu. Ukiona herufi za kwanza sio za mbunge, barua katunga msaidizi.

Pili, barua tano zenye aya ile ile kwa watu watano tofauti ni jibu la kukariri. Zinakuonyesha msimamo wa ofisi, ila usizinukuu kama mawazo ya moyoni ya mbunge kwa mtu fulani. Maandishi ya mkono yaliyoongezwa mwishoni, mstari mmoja tu wa "nisalimie mama yako", hayo ndiyo yake.

Barua isiyo na tarehe ichunguze hivi. Anwani yenye tarakimu tano za posta ni ya 1963 na kuendelea, hiyo imepotea njia kwenye folda yako. Namba moja au mbili baada ya jina la mji, hiyo ni kanda ya posta, zilianza 1943. Postikadi ya senti 1 ni kabla ya Januari 1952. Stempu ya senti 3 kwenye barua haikusaidii sana, ilikuwepo toka 1932 mpaka 1958.

## Hatua ya 8: Peleka shauri bungeni

Sasa chukua tarehe zako uende kwenye kumbukumbu za mijadala ya bunge, zipo bure kwenye govinfo.gov. Tafuta kwa jina la mbunge na wiki unazozitaka. Wabunge walikuwa wanaingiza barua za wananchi kwenye kumbukumbu hizo, hasa kwenye kiambatisho, na kuna waliofanya zaidi: mwaka 1947 Helen Gahagan Douglas aliingia ukumbini na kikapu cha vyakula kuonyesha bei zilivyopanda toka udhibiti uondolewe. Ukiwa umeshasoma maboksi yake ya malalamiko ya bei unajua kikapu kile kilijazwa na nani.

Kuna kitu kingine watu hawakijui. Mbunge aliweza kupeleka muswada kwa ajili ya mtu mmoja tu, kumlipa fidia au kumruhusu abaki nchini. Kichwa chake huanza na "for the relief of" kisha jina la mtu. Tafuta maneno hayo kwenye fahirisi na kwenye vitabu vya sheria vya mwaka husika, sehemu ya sheria za watu binafsi. Ukipata jina linalofanana na la kwenye folda yako, umeunganisha barua na sheria kabisa.

Hapo ile sheria ya 1946 ya kupanga upya bunge inaingia. Ilikataza miswada ya namna hii kwa mambo kadhaa, ikiwemo pensheni, fidia za madhara yaliyosababishwa na watumishi wa serikali, na kurekebisha rekodi za kijeshi. Kwa hiyo ukiona 1947 mbunge anamwambia mama "peleka bodi ya kurekebisha rekodi", usimuite mvivu. Mlango alioutumia mwaka uliotangulia ulikuwa umefungwa.

## Hatua ya 9: Jiulize nani hayupo kwenye boksi

Sanduku la barua la mbunge sio wananchi wote. Kusini mwa Marekani miaka ile Weusi wengi walizuiwa kupiga kura, na mtu asiye na kura hakuwa na sababu kubwa ya kutegemea jibu kwa mbunge wa kwao. Maveterani hao watafute kwingine: kwenye nyaraka za NAACP (chama cha kutetea haki za Weusi), na kwa wabunge wawili tu Weusi waliokuwepo bungeni kipindi hicho, William Dawson wa Chicago na Adam Clayton Powell Jr. wa Harlem. Ukiandika "wananchi walitaka hivi" kwa kutegemea boksi la mbunge wa Mississippi peke yake, umewafuta watu.

## Hatua ya 10: Kutumia ulichopata

Mwandishi wa barua ndiye mwenye hakimiliki, na kwa barua ambazo hazijachapishwa hiyo inadumu miaka 70 baada ya kifo chake. Maktaba kukupa picha haina maana umepewa ruhusa ya kuchapisha barua nzima. Eleza kwa maneno yako, nukuu kidogo.

Majina ya watu wa kawaida yafiche. Yule mama wa shamba alimwandikia mbunge wake, hakutuandikia sisi, na wajukuu wake wako hai. Herufi za mwanzo na mji vinatosha, na kama mji ni mdogo hata mji uache.

Ila kama wewe ni ndugu na unatafuta habari za mzee wako aliyekuwa jeshini, soma hapa mara mbili. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliunguza kituo cha kumbukumbu za wanajeshi St. Louis, yakaenda mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, takriban asilimia 80 ya mafaili yaliteketea. Usiambiwe "imeungua" ukaondoka. Barua ya wizara kwa mbunge yenye jina, namba ya askari na kikosi inaweza kuwa karatasi pekee iliyobaki, na kituo kile hukubali nakala za namna hii wanapojenga upya faili lililoungua. Mwombe mhudumu wa maktaba akutolee nakala yenye jina la mkusanyiko, namba ya boksi na jina la folda vimeandikwa juu yake, uipeleke pamoja na ombi lako.